Kibanja Kilichobaki Kijani

"Usinieleze habari za miti, mwanangu. Nimekuuliza habari za migomba."

"Nami nakujibu, Ta Rwegasira. Kiriba hiki kimekaa juani siku tisa. Ndani yake hakuna kilicho kibichi. Hakiwezi kubeba ugonjwa."

"Nani kakwambia? Umekitafuna?"

Mzee alifungua mfuko wa mbolea aliokuja nao kwa basi tangu Kaagya, akatoa kipande cha gogo la mgomba na kukibwaga juu ya meza ya kalibu. Pale kilipokatwa kilikuwa kinavuja majimaji ya njano, mazito kama usaha. Wanawake wanne waliokuwa wakikanda rojo waliacha kazi, wakarudi nyuma hadi ukutani. Hakuna mkulima wa Muleba anayehitaji kuambiwa kwamba hayo ni majimaji ya mnyauko, ugonjwa unaomaliza migomba.

"Unaleta hicho humu?" Evodia alisema. "Humu ndani, Ta? Hapa napokea nyuzi."

"Wewe ndiye uliyeanza kukileta kwangu."

Mkaguzi Msaidizi wa Polisi Annastella Mushumbusi alikuwa ameegemea mlango kwa dakika kumi bila kusema neno. Watu wanaogombana hutoa maelezo mengi kuliko wanaohojiwa. Alikuwa ameshaandika mambo matatu. Mzee aliiuzia karakana hii magogo ya migomba mwezi wa saba. Wiki hiyohiyo alipanda miche arobaini ya kahawa ikiwa ndani ya viriba vilivyotengenezwa hapa. Wiki ya tano, majani ya migomba yake yalilegea kama yaliyomwagiwa maji ya moto.

"Miaka hamsini na moja kile kibanja kinanilisha," mzee aliendelea, sasa kwa sauti ya chini. "Nimekata migomba yote. Mke wangu nilimzika katikati, mahali ambapo hata saa sita jua halikuwa linafika. Leo kaburi lake linaonekana kutoka barabarani. Wenye pikipiki wanageuza shingo kulitazama. Yeye yuko peke yake kule, na mimi niko peke yangu mlangoni. Tunatazamana."

Evodia alisogeza kalibu zake mbali na kile kipande.

"Inatosha," Annastella alisema. "Hicho kipande nakichukua mimi. Ta Rwegasira, basi la kurudi linapita saa tatu."

"Unamkamata au humkamati?"

"Jioni utajua."

"Jioni," mzee alisema. "Polisi na jioni zao." Akakung'uta mfuko wake mtupu, akaukunja vizuri mara nne, akatoka.

Annastella alikifunga kile kipande ndani ya mifuko miwili, akanawa mikono hadi kwenye viwiko, kisha akavuta kigoda na kuketi mbele ya mwenye karakana. Evodia alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, mwembamba, na vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa utomvu wa migomba.

"Nieleze kazi yako. Kwa kifupi."

"Mche wa kahawa unakuzwa kwenye kiriba cha nailoni. Siku ya kupanda unakichana na kukitupa. Kile kitu kinakaa ardhini zaidi ya maisha ya aliyekitupa. Cha kwangu ni nyuzi za mgomba na wanga wa muhogo. Unakifukia na mche wake. Miezi mitatu, kimeoza, kimekuwa mbolea. Magogo ninayotumia ni ya migomba iliyokwisha kuzaa, ambayo mtu angeikata hata hivyo."

"Na yale maandishi ya kalamu nyekundu ukutani?"

Evodia aligeuka kutazama. Kwenye ukuta palibandikwa karatasi kubwa yenye hatua za kazi, zimeandikwa kwa mkono.

"Hizo ni hatua mpya. Tangu mwezi wa sita. Nilipunguza."

"Ulipunguza nini?"

"Kuni," Evodia alisema, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile uso wake ulifunguka kidogo. "Zamani tulikuwa tunachemsha maganda ya magogo kwenye pipa ili nyuzi zitoke. Pipa moja, mzigo mzima wa kuni. Nikajiuliza, ninawaondolea watu nailoni kwa kuwamalizia miti? Fundi akanitengenezea mashine ya kukamua, ya kunyonga kwa miguu kama baiskeli. Sasa hatuwashi hata njiti."

Annastella aliandika: mwezi wa sita, mashine. Akapiga mstari chini yake bila kujua bado ni kwa nini.

"Anayeingia kwenye mashamba ya watu ni nani?"

"Mmoja tu, mkataji wangu. Josia. Kituo chake kiko Kemondo."

Simu iliita. Ilikuwa ya Kahangwa, bosi wake, na Kahangwa hakuwa mtu wa salamu. "Familia kumi na moja zimelalamika, Annastella. Wanasema mama huyo alijua viriba vyake vina mnyauko na akaviuza. Nataka jibu leo. Kama ni viriba, mlete, alale huku. Kama siyo, uniambie ni nini."

"Sawa, afande."

Alipoweka simu mfukoni aliona wale wanawake wanne wanavaa kanga zao. Hakuna aliyeaga. Walitoka mmojammoja kwa mlango wa nyuma, na wa mwisho aliacha rojo ikiwa imekandwa nusu.

"Watarudi?" Annastella aliuliza.

"Wana migomba nyumbani," Evodia alisema. "Mimi mwenyewe nisingerudi."

*

Kulikuwa na mtu ambaye angefurahia kuona karakana ile imefungwa, na Annastella alikuwa ameanza na huyo. Gozbert aliuza viriba vya nailoni katika duka lake mjini Bukoba. Jana yake alimkuta amekaa juu ya marobota, anachambua karanga.

"Ulikuwa Kaagya mwezi wa tisa, unagawa viriba bure," alimwambia.

"Nilikuwa. Biashara ni matangazo, Afande."

"Na ujumbe kwamba viriba vya mgomba vinaua migomba, ulianzia kwenye simu yako."

"Nilisambaza. Sikuutunga. Mimi nilisikia watu wanalia, nikalia nao." Alimnyooshea karanga, Annastella hakuchukua. "Mimi nauza nailoni, mama. Ugonjwa siuzi. Ningejua namna ya kuuza ugonjwa ningekuwa tajiri."

Alimchunguza kwa tarehe. Majani ya kwanza yalilegea katikati ya mwezi wa nane. Gozbert alifika Kaagya tarehe tano ya mwezi wa tisa, na kabla ya hapo alikuwa amelazwa miezi miwili kwa mguu uliovunjika. Cheti kilikuwepo, na kovu lilikuwepo. Alikuwa mtu wa hovyo, lakini hakuwa mtu aliyemtafuta.

*

Huko Kaagya, Annastella aliiacha pikipiki kanisani, akatembea. Alikuwa na daftari, na swali lake lilikuwa dogo. Kila nyumba aliuliza mambo mawili tu: uliuza magogo? ulipanda viriba?

Palikuwa kimya kuliko inavyopasa kijiji kuwa. Kibanja, shamba la migomba linalozunguka nyumba, huwa na kivuli na sauti ya majani, watu wanaitana bila kuonana. Sasa, ukishapita nyumba nne za karibu na kanisa, zilizobaki zilikuwa wazi, kila moja inaiona nyingine mpaka mlangoni, na hakuna aliyekuwa akimwita mwenzake. Visiki vilikuwa vimekatwa chini kabisa na kufukiwa. Watoto wa nyumba moja walikuwa wanakula wali badala ya ndizi katikati ya wiki, bila furaha yoyote.

Saa nane kasoro alikuwa amemaliza nyumba kumi na tano. Aliketi juu ya jiwe, akafungua mkate alioununua Muleba, akala huku anasoma alichoandika.

Nyumba zilizouza magogo zilikuwa kumi na moja mpaka hapo. Zote migomba yake imekufa. Nyumba nne, zile za karibu na kanisa, hazikuuza magogo, lakini zilipanda kahawa kwa viriba vya Evodia. Alikuwa ameingia mwenyewe katika vibanja hivyo vinne, amechagua mche mmoja katika kila kimoja na kufukua kwa vidole. Kiriba kilikuwa kimeoza, mizizi imepenya. Na migomba iliyosimama hatua mbili kutoka hapo ilikuwa mizima, majani yake yameinuka.

Kwa hiyo viriba havikuua kitu. Aliandika hivyo, na saa kando yake.

Lakini bado kulikuwa na nyumba ya kumi na sita. Ilikuwa mwisho wa njia, na alipoiona kwanza alidhani amefika kijiji kingine. Kibanja kizima kilikuwa kijani. Mikungu ilining'inia. Mwenye nyumba, Ma Vestina, alikuwa anatandaza nyasi chini ya migomba, akainuka kama mtu asiyeamini alipoona mgeni.

"Umekuja kwangu, waitu? Au umepotea njia?"

"Nimekuja kwako, mama."

"Basi kaa. Kaa kabisa. Ngoja nikuletee kahawa ya kutafuna." Alirudi na buni kwenye kikapu kidogo, akaketi karibu mno, kama mtu mwenye baridi. "Tangu mwezi wa nane hajaingia mtu. Wanasema mimi ndiye. Wanasema, upande huu wote, kwa nini kwa Vestina tu ndiko kuzima? Hata kanisani benchi langu nakaa peke yangu, na kwaya yenyewe niliianzisha mimi."

"Uliiuzia karakana magogo?"

"Niliuza. Mawili. Hapa palikuwa katikati kabisa ya mzunguko wa yule kijana wa karakana. Kabla yangu alikuwa kwa Ta Rwegasira, baada yangu akaenda kwa jirani."

Annastella aliacha kutafuna. Hii ilikuwa nyumba ya kumi na mbili iliyouza, na ndiyo pekee iliyokuwa nzima.

"Alipokuja kukata, alikuta nini? Mvua? Jua? Alikata mgomba upi?"

"Hakukata. Mume wangu yuko pale." Ma Vestina alielekeza kwa kidevu kaburi lililokuwa kwenye kivuli, limefagiliwa. "Tangu tumzike, mwanaume mwingine haingii na panga kwenye kibanja changu. Nilimwambia asimame njiani. Nilikata mwenyewe, kwa panga langu, nikamburutia."

"Uliwaeleza majirani hivyo?"

"Nimweleze nani? Nimekwambia hawaji."

*

Kituo cha Josia huko Kemondo kilikuwa chumba kimoja cha mabati, si mbali na gati. Josia alikuwa nje, amejipanga vizuri: beseni la maji, brashi, mapanga matatu ya karakana yameegemezwa ukutani, yanang'aa. Alikuwa kijana mkubwa wa miaka thelathini, mpole. Mikono yake ilikuwa na makovu ya nyavu.

"Unayatunza," Annastella alisema.

"Panga chafu halikati, Afande."

"Unayaosha lini?"

"Jioni nikirudi. Na sabuni."

"Kati ya nyumba na nyumba?"

Josia alifikiri. Hakuwa mtu wa kujibu haraka ili apendeze. "Nikikuta maji njiani nasuuza. Nisipokuta, nafuta kwa majani."

"Na zamani, kabla ya mashine?"

"Zamani tulikuwa tunayachoma. Kila nyumba tulikuwa tunawasha moto, tunachemshia maganda palepale uani. Mapanga tunayalaza kwenye makaa mpaka pipa lichemke. Ilikuwa imeandikwa."

"Kwa ajili ya nini?"

"Utomvu," Josia alisema, akishangaa kuulizwa. "Utomvu wa mgomba ukishika panga unakuwa kama gundi. Moto unautoa. Lakini sabuni inautoa vilevile, nimejaribu."

Annastella aliweka kalamu chini. "Wewe ni wa wapi, Josia?"

"Nimezaliwa kambini, visiwani. Baba alikuwa mvuvi, nami nilikuwa mvuvi mpaka samaki walipokwisha. Migomba nimeijulia kazini."

"Mwezi wa saba, kabla ya kwenda Kaagya, ulikata wapi?"

"Shamba moja kule Muleba. La mzee mmoja kiziwi. Nalikumbuka kwa sababu ndizi zilikuwa zinaiva zikiwa changa. Nikamwonyesha kwa vidole, naye akatikisa kichwa tu. Nikadhani ni aina yake."

"Hukumwambia mtu?"

"Nilijua wao wanajua. Hawa watu wanajua kila kitu cha mgomba, Afande. Ukiwauliza wanacheka." Alimtazama usoni, kisha akayatazama mapanga, na kidogokidogo akaacha kuyatazama. "Kuna kitu nimefanya?"

"Leo hukati popote. Kesho hukati popote. Ndani mna Jik?"

"Hamna."

"Nenda dukani ununue. Loweka hayo yote na usiyaguse mpaka nikuambie." Aliandika maelezo yake ukurasa mmoja na nusu, akamsomea, Josia akatia sahihi kwa herufi kubwa za mtu aliyeishia darasa la tano.

*

Karakana ilikuwa wazi na hapakuwa na mtu ila Evodia, amekaa kwenye mashine yake, miguu juu ya pedali, hanyongi. Rojo ya asubuhi ilikuwa imekauka ikapasuka. Saa ilikuwa kumi.

"Karatasi ya zamani ya hatua za kazi," Annastella alisema. "Ile ya wakati wa pipa. Unayo?"

Evodia aliipata nyuma ya kabati. Annastella aliilaza mezani, akaibandua ile mpya ukutani na kuilaza kando yake.

"Nisomee ya zamani. Hatua ya pili."

"Washa moto. Weka pipa. Laza mapanga kwenye makaa mpaka maji yachemke."

"Ya mpya. Hatua ya pili."

"Pitisha maganda kwenye—" Evodia aliivuta ile ya zamani karibu. Kidole chake kilirudi kwenye karatasi ya kwanza, kikapita chini ya ule mstari taratibu, kikarudi tena.

"Bwana shamba ndiye aliyetufundisha," alisema hatimaye. "Panga lipite motoni kabla ya kuingia shamba jingine. Moto ulikuwepo tayari, nikauandika hapohapo. Halafu nilipofuta moto..."

"Ulifuta mstari mzima."

"Nilifuta mstari mzima." Alikaa. "Nilifurahi sana siku ile. Hatua tisa zikawa sita."

"Hukuandika sababu ya moto."

"Nani hajui sababu? Mtoto wa hapa anajua."

"Josia hajui. Alidhani ni utomvu."

Evodia aliinamisha kichwa juu ya zile karatasi. Annastella hakumharakisha. Alitoka nje, akampigia bosi wake.

"Siyo viriba, afande. Ni mapanga ya kukatia. Nyumba zilizopanda viriba tu, zote nzima. Zilizouza magogo, zote zimekufa, isipokuwa moja ambayo mwenyewe alikata kwa panga lake. Ugonjwa umetoka shamba moja Muleba. Nimewaambia watu wa kilimo, wako njiani kwenda huko."

"Nani mkosaji?"

"Aliyekata hakujua. Aliyepanga kazi alisahau. Nia haipo kwa yeyote. Siwezi kumshtaki mtu kwa kuokoa kuni."

Kahangwa alishusha sauti. "Wale watu watataka jina. Huyo mkataji ni mtu wa kuja, sivyo? Ukisema ni yeye, huyu mama anaendelea na kazi yake na kijiji kinatulia."

"Nitaandika kilichotokea, afande."

"Andika. Mimi nimesema tu."

Aliporudi ndani, Evodia alikuwa amesimama. Ukuta ulikuwa wa mabati, alikuwa amesikia.

"Hushtakiwi," Annastella alimwambia. "Lakini sikiliza vizuri. Mahakamani wanaweza kukudai. Familia kumi na moja. Ukikaa kimya, taarifa yangu itachukua mwezi mzima kuwafikia, na huenda mpaka wakati huo watakuwa wamejichagulia mtu. Ukisema kwa mdomo wako, wanaanzia kwako, kesho asubuhi. Mimi sikushauri hili wala lile. Kazi yangu imeisha."

"Watamchagua Josia."

"Josia au Vestina. Mmoja hana mtu pale, mwingine hana mtu hata kanisani kwake."

"Vestina kafanya nini?"

"Migomba yake haikufa."

Evodia alitazama kalibu zake, safu kwa safu, zote tupu. Miaka minne ya kazi ilikuwa pale. Kisha alifunga madirisha, moja, mbili, tatu, akachukua kufuli.

"Pikipiki yako inabeba abiria?"

*

Walifika Kaagya jua likiwa bado juu ya vilima, na kwa kuwa upande ule hapakuwa na migomba, mwanga ulipita vibanja vyote hadi kwa Vestina. Ta Rwegasira alikuwa kwenye kizingiti chake, anatazama mbele. Aliwaona tangu mbali, hakuinuka.

Annastella alizima pikipiki barabarani, akabaki hapo. Evodia aliingia uani peke yake. Alipiga magoti kwenye udongo, akamwamkia mzee kwa Kihaya, kama anavyoamkiwa baba. Mzee hakuitikia.

"Ta Rwegasira," Evodia alisema. "Ugonjwa uliingia hapa kwa panga la karakana yangu. Tulikuwa na moto wa kuyachoma mapanga. Mimi niliuondoa, sikuweka kitu mahali pake. Siyo Josia. Siyo Vestina. Ni mimi."

"Asubuhi ulisema kiriba hakiwezi kubeba ugonjwa."

"Hakikubeba. Nilibeba mimi."

Mzee alimtazama. Mkono wake ulikuwa unasugua goti, unasugua goti. Kisha akashika mwimo wa mlango, akainuka polepole, akaingia ndani. Hakumkaribisha. Mlango hakuufunga.

Evodia alisubiri. Ilipokuwa wazi kwamba hatoki, aliinuka, akakung'uta magoti, akarudi barabarani. Macho yake yalikuwa makavu.

"Inayofuata ni nyumba ya nani?" aliuliza.

Annastella alifungua daftari, akamsomea jina.